Safu ya Tatu, Kiti cha Saba

Taplelei alinidai shilingi mia mbili:
mia ya mlango, mia ya mzuka.
"Na nisipomwona?"
"Usipomwona, hilo ni shauri la macho yako.
Risiti hatutoi."

Kufuli likalalamika, mlango ukatema hewa ya zamani:
popo, nta, pazia lililolowa mvua za Aprili
likakaukia humo humo.
Nje Nakuru ilikuwa ikipiga honi,
upepo wa Menengai ukilitembeza vumbi
mtaa kwa mtaa, kama mgeni asiye na haraka.
Ndani, saa ya ukutani iligoma saa nne kasorobo
ya siku gani, hakuna aliyeandika.

Tulipokuwa watoto tulijua yote:
kwamba ni bibi wa kizungu, gauni jeupe, shingo imepinda,
aliyejitia kitanzi kwa ajili ya kapteni fulani;
kwamba ukikanyaga jukwaa bila kuligonga mara tatu
atakunyang'anya maneno.
Mimi sikugonga.
Mashindano ya drama, mwaka wa tisini na nne,
nilikuwa Chifu, ndevu za pamba, usinga wa katani,
nikafungua kinywa mbele ya majaji watatu
na kinywani hamkuwa na kitu ila ulimi.
Mwalimu Isiaho alinitazama kutoka kando
kama mtu anayemtazama ng'ombe wake akivuka reli.
Tangu siku ile nilimsingizia bibi yule.

"Bibi gani?" Taplelei akacheka,
tochi ikicheka naye ukutani.
"Hao walizeeka, wakauza mashamba,
wakaenda kufia kwao kwenye baridi.
Nani avuke bahari arudie viti vyenye kunguni?
Anayekaa hapa ni Mudaki."

Mudaki, mvuta pazia.
Miaka ishirini na sita aliivuta kamba,
hata kiganjani mwake pakachimbika mfereji
ungeweza kunyweshea sukuma wiki.
Kila mchezo aliusikia kwa mgongo.
Alijua penye kicheko, penye kilio,
alimjua mke wa nani hukohoa wapi,
lakini kuona, hakuona:
ukuta, kamba, msumari wa kutundikia koti,
basi.
Na viti vilikuwa na wenyewe.
Alivipangusa kila Jumatatu, mia na themanini na vinne,
akikiinamia kimoja kimoja kama anayekiamkia.

Bendera ikabadilika. Akaja meneja mpya, kijana wa Molo,
akamwambia, "Mzee, leo kamba nitavuta mimi. Wewe keti."
Mudaki akaitazama kamba, akamtazama kijana.
"Kesho," akasema. "Leo mchezo ni mgumu."

Ilikuwa Jumatano.
Alhamisi koti lilibaki msumarini.

"Viti hivi vina springi," Taplelei akasema.
"Ukiinuka, navyo vinainuka.
Asubuhi nikija vyote vimesimama kama askari.
Isipokuwa kile."

Tochi ikaenda. Safu ya tatu, kiti cha saba,
kimelala wazi.

"Springi imekatika," nikasema.
Mimi ni fundi wa pampu, naamini vyuma.
"Haya, kinyanyue."
Nikakinyanyua. Kikaruka, kikanibana kidole
kwa nguvu za kitu kizima kabisa.

Sijui kilichonipandisha jukwaani.
Labda kidole kilichokuwa kikipwita, labda ile mia.
Mbao zilinung'unika, giza likakaa mbele yangu
safu kwa safu.
Taplelei alikuwa amerudi mlangoni,
akizozana na muuza mahindi juu ya chenji.
Nikasimama. Umri huu, bila ndevu za pamba,
na ile sentensi iliyonikimbia tangu darasa la saba
ikaja yenyewe, bila kuitwa:

"Enyi watu wangu, kisima hakichimbwi kwa matusi..."

Huko chini, upande wa safu ya tatu,
nikasikia kiti kikishuka
polepole, kwa adabu,
kama mtu anayechelea kuwasumbua waliotangulia.

Sikutazama.
Nikakohoa kichifu, nikaendelea.